Mlinzi Wako Yuko Macho, Wewe Lala

SOMO LA WIKI

Maandiko ya kusoma: Zaburi 127:1-2, Zaburi 121, 1 Wafalme 19:1-8, Matendo 20:7-12

Lengo la somo: Tujue kwamba usingizi ni zawadi ya Mungu, tutambue shida za usingizi zinazotusumbua nyumbani mwetu, na tujue lini tuombe, lini tubadilishe mazoea, na lini twende hospitali.

UTANGULIZI

Wiki hii tunajifunza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya lakini ni nadra kulisikia likihubiriwa madhabahuni: kulala.

Keti siku moja na wale wanaopokea mahitaji ya maombi baada ya ibada, utasikia. "Pastor, silali." "Usiku kuna kitu kinanikaba." "Mzee wangu anakoroma, halafu ananyamaza mpaka naogopa amekata roho." "Mtoto anasinzia darasani, mwalimu ameniita." Na mara nyingi jibu letu limekuwa moja kwa wote: tunakemea, tunapaka mafuta, tunamwambia mtu aongeze kufunga. Kuomba ni kwema, na tutaendelea kuomba. Lakini mtu anaweza kuombewa mwaka mzima kwa shida ya koo linaloziba akiwa amelala, na mwaka huo wote presha yake inapanda. Hosea 4:6 inatuonya kwamba watu wa Mungu huangamia kwa kukosa maarifa. Basi leo tutafute maarifa.

1. USINGIZI ULIKUWEPO KABLA YA DHAMBI

Fungua Mwanzo 2:21. Mungu anamletea Adamu usingizi mzito, kisha anamfanyia kazi kubwa akiwa amelala. Sasa angalia ni sura ya ngapi. Ni sura ya pili. Dhambi inaingia sura ya tatu. Kwa hiyo usingizi si laana, wala si udhaifu wa mwili ulioanguka. Mwanadamu alilala Edeni, bustani ikiwa bado safi.

Zaburi 127 inaendelea pale pale. Inamwambia mtu anayeamka gizani na kuchelewa kulala kwa sababu ya kuhangaikia mkate kwamba anajitaabisha bure, kwa maana Mungu huwapa wapendwa wake usingizi. Na Zaburi 121 inatuambia Mlinzi wa Israeli hasinzii. Weka maandiko hayo mawili pamoja. Kama Yeye yuko macho, ni nani alikuambia na wewe ukae macho ukilinda dunia? Kulala ni kukiri kwamba wewe si Mungu. Ni kama kutoa fungu la kumi la uwezo wako: unaachilia masaa ambayo huwezi kudhibiti lolote, na unaamini kwamba utakuta kila kitu mikononi mwa Bwana.

Mtazame Eliya katika 1 Wafalme 19. Mtumishi amechoka mpaka anaomba kufa. Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimwacha alale. Malaika akamwamsha ale, akalala tena, akaamshwa tena ale. Ile sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye. Kuna mpendwa anayedhani Mungu amenyamaza, kumbe kinachohitajika kwanza ni sahani ya chakula na usiku mmoja wa kulala vizuri.

Lakini hebu tusichanganye. Mithali 6:9-11 inamkemea mvivu, na neno hilo linasimama. Tofauti ni hii: mvivu amelala akatosheka, ila hataki kuamka. Mgonjwa wa usingizi ametamani kulala na hakuweza, au amelala masaa 8 na bado anaamka amechoka kama aliyelima. Wa kwanza anahitaji kukemewa. Wa pili anahitaji msaada.

Unahitaji usingizi kiasi gani? Mtu mzima anahitaji masaa 7 au zaidi kila usiku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji masaa 8 hadi 10. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji 9 hadi 12. Wazazi, pigeni hesabu: mtoto anayelala saa 5 usiku na kuamshwa saa 10 alfajiri kungoja basi la shule amepata masaa 5. Ukimwita mjinga kwa sababu hashiki masomo, unamwonea. Usiku ndipo ubongo hupanga yale mtoto aliyojifunza mchana, na ndipo mwili wake hukua.

2. SHIDA TUNAZOZIONA KATIKATI YETU

(a) Kukosa usingizi

Hii ndiyo inayosumbua wengi. Unapanda kitandani umechoka, macho yanakataa. Au unalala vizuri, kisha saa 8 usiku unashtuka na mawazo yanaanza maandamano: karo, kodi ya nyumba, mkopo wa chama, yule mtoto aliyekosa kazi. Usiku mmoja au miwili ya namna hiyo ni kawaida ya maisha. Lakini ikitokea siku 3 au zaidi kwa wiki, na ikaendelea kwa miezi 3, hiyo sasa ni shida ya kudumu na inahitaji kutibiwa.

Kinachoifanya idumu mara nyingi ni njia tunazotumia kupambana nayo. Ukikosa kulala Jumatatu, Jumanne unaingia kitandani saa 2 usiku "kulipa deni". Unakaa humo ukigeuka-geuka masaa matatu. Kidogo kidogo kitanda kinakuwa mahali pa hofu. Hata ukisinzia vizuri kwenye kiti, ukigusa mto tu, macho yanafunguka.

Madaktari siku hizi hawaanzi na vidonge kwa shida hii. Wanaanza na mazungumzo na kubadilisha mazoea, kwa sababu vidonge vya usingizi huleta nafuu ya muda na vingine humshika mtu asiweze kulala bila hivyo. Na tafadhali, acheni kutumia dawa za mafua na za mzio kila usiku kwa sababu "zinaleta usingizi". Hazitibu chanzo, na asubuhi zinakuacha na kichwa kizito barabarani.

Tena si kila usiku wa kukosa usingizi umetoka kwa adui. Katika Esta 6:1, mfalme Ahasuero alikosa usingizi, akasomewa kitabu cha kumbukumbu, na kwa usiku huo Mordekai akaheshimiwa. Kabla ya kukemea, uliza: ni nini kinaniweka macho?

(b) Kukoroma na kukatika pumzi

Wengi tunacheka kukoroma. Tunasema huyo amelala vizuri. Si kila anayekoroma ni mgonjwa, lakini kuna kukoroma kunakotisha: mtu anakoroma kwa nguvu, ghafla kimya, kifua kinavuta lakini hewa haiingii, halafu anashtuka kama aliyezamishwa majini. Kinachotokea ni kwamba misuli ya koo imelegea na njia ya hewa imeziba. Ubongo unalazimika kumwamsha kidogo ili apumue. Yeye hakumbuki lolote. Lakini hali hii inaweza kutokea makumi ya mara kwa saa moja, usiku kucha.

Asubuhi ana kichwa kinachouma, koo kavu, amechoka. Mchana anasinzia kwenye matatu, kwenye mkutano, na ndiyo, kwenye ibada. Ugonjwa huu unaenda pamoja na presha, na unaongeza hatari ya shida za moyo na kiharusi. Unawapata zaidi watu wenye uzito mwingi na shingo nene, ingawa mwembamba pia anaweza kuupata, na mtoto mwenye tezi kubwa za koo pia. Kupunguza uzito husaidia. Kulala ubavu husaidia. Pombe huongeza shida kwa sababu hulegeza koo zaidi. Wengine watahitaji mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku. Mashine hiyo ni ghali, lakini huwezi kujua kama unaihitaji kabla hujapimwa.

Mama, wewe ndiye shahidi. Mwenye ugonjwa huu hajijui. Ukimsikia mzee akinyamaza na kushtuka hivyo, usimpeleke chumba kingine tu. Mpeleke hospitali.

Na hapa neno kwa wahudumu wa mlangoni. Katika Matendo 20, kijana Eutiko alisinzia Paulo akihubiri mpaka usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo hakumkemea kwa kulala kanisani. Alishuka, akamkumbatia, na uhai ukamrudia. Ndugu anayesinzia kiti cha nyuma kila Jumapili pengine anatoka shifti ya ulinzi ya usiku, au anakatika pumzi akilala. Kabla ya kumgonga bega kwa ukali, tafuta kujua.

(c) Kukabwa usiku

Hapa ndipo naomba tusikilizane sana.

Unaamka, macho yamefunguka, unaona chumba. Lakini huwezi kusonga hata kidole. Kifua kizito, kama kuna mtu amekikalia. Unahisi kuna kiumbe chumbani. Unataka kupiga kelele, sauti haitoki. Baada ya sekunde chache au dakika moja au mbili, inaachilia, na unabaki ukitetemeka. Wengine huita jinamizi. Wengine husema wamekaliwa na jini, au kuna mtu amewatumia kitu.

Sasa sikia vile Mungu aliuumba mwili. Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90. Ndani ya mzunguko kuna kipindi cha ndoto nzito. Katika kipindi hicho ubongo huifunga misuli ya mikono na miguu, kwa sababu nzuri kabisa: ukiota unakimbizwa, usiruke kitandani ukaumia. Macho na kupumua huendelea. Wakati mwingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Uko macho, mwili bado umefungwa, na ndoto bado inaendelea mbele ya macho yako. Ndiyo maana unaona kivuli. Hutokea zaidi ukikosa usingizi wa kutosha, ukilala masaa yasiyo na mpango, ukiwa na msongo wa mawazo, na ukilala chali.

Wajapani wana jina lake, kanashibari. Huko Newfoundland, Kanada, watu wa zamani walisema ni ajuza amekuja kukukalia kifuani. Fikiria hilo. Watu wa mbali, ambao hawajui kijiji chenu wala nyanya yako, nao waliona mwanamke mzee amewakalia. Basi yule unayemwona si nyanya yako.

Nasema hivi kwa uzito kwa sababu katika nchi hii, Kisii na Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Ukiamka asubuhi na kusema, "Nimekabwa, na nilimwona mama mzee," na mtu akakuuliza, "Alifanana na nani?" hapo damu ya mtu imekaribia. Ndoto si ushahidi. Kumbukumbu la Torati 19:15 inadai mashahidi wawili au watatu kwa shitaka lolote. Mtu yeyote katika kanisa hili asimtaje jirani, mama mkwe wala nyanya kwa sababu ya kilichomtokea kitandani. Na anayetoa unabii wa kumtaja mtu kwa njia hiyo aletwe kwa wazee wa kanisa.

Je, tunakana vita vya kiroho? Hapana. Waefeso 6 ipo na tunaiamini, nayo yenyewe inasema vita vyetu si juu ya damu na nyama. Kwa hiyo omba. Likikupata, liite jina la Yesu moyoni, pumua polepole, na ujaribu kusogeza kidole kimoja tu, cha mkono au cha mguu. Usipigane na kifua. Litaachilia. Kisha rekebisha usingizi wako. Likirudi kila mara, mwone daktari.

(d) Mengine ya kujua

Kuna miguu isiyotulia. Ukilala tu, unahisi kama wadudu wanatembea ndani ya miguu na ni lazima uichezeshe. Mara nyingi chanzo ni upungufu wa madini ya chuma mwilini. Huwapata pia kina mama wajawazito na wagonjwa wa figo. Hakuna aliyekuroga, nenda ukapimwe damu.

Kuna kusinzia ghafla kusikozuilika, hata katikati ya chakula, au magoti kulegea mtu akicheka. Huo ni ugonjwa wa ubongo, na una dawa.

Na kuna dawa zinazogusa usingizi. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zinaweza kuleta ndoto za ajabu au kukosa usingizi. Ndugu, dada, usiache dawa kwa sababu ya ndoto. Rudi kliniki ueleze. Wanaweza kubadilisha saa ya kumeza au dawa yenyewe.

3. JE, KESHA?

Bwana wetu alikesha mlimani akiomba, Luka 6:12. Bwana huyo huyo alilala usingizi kwenye mashua dhoruba ikivuma, Marko 4:38. Alijua wakati wa yote mawili. Sisi pia tukeshe, lakini kwa hekima.

Mwenye kifafa asikeshe, maana kukosa usingizi ni moja ya mambo yanayoleta kifafa. Mwenye ugonjwa wa akili anayetumia dawa azungumze na daktari wake kwanza, kwa kuwa usiku mmoja bila kulala unaweza kumwangusha. Hawa waombe mchana, na mtu asiwahesabie kuwa wana imani ndogo. Dereva wa matatu au bodaboda asitoke kwenye kesha akashike usukani. Usingizi hauheshimu wokovu. Mtu aliyekesha anaweza kusinzia sekunde chache tu, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 4 ni karibu mita 90 bila dereva. Lala kwanza, kisha uende kazini.

4. PANGA USIKU WAKO

Haya hayahitaji pesa. Anza na mawili au matatu.

• Amka saa ile ile kila siku, hata Jumamosi. Saa ya kuamka ndiyo inayoipanga saa ya kulala.

• Toka nje upate mwanga wa asubuhi. Mwanga huuambia mwili mchana umeanza, na giza huufanya uandae usingizi.

• Angalia chai. Majani ya chai na kahawa huchangamsha mwili. Chai nzito ya saa 2 usiku, ikifika saa 7 usiku karibu nusu ya nguvu yake bado iko mwilini. Usiku kunywa uji au maziwa. Miraa nayo hufukuza usingizi, na anayeitafuna asishangae.

• Weka simu mbali saa nzima kabla ya kulala. Ile video moja ya mwisho huwa si ya mwisho. Kama unaitumia kwa kengele ya kuamka, iache mezani, si chini ya mto.

• Andika mahangaiko yako mapema. Baada ya chakula cha jioni, chukua karatasi. Upande mmoja andika yale utakayofanya kesho. Upande wa pili andika yale usiyoyaweza, uyaombee moja moja kama 1 Petro 5:7 inavyoagiza. Funga karatasi. Ofisi imefungwa.

• Usingizi ukikataa kwa kama dakika 20, toka kitandani. Keti mahali penye mwanga hafifu, soma Zaburi polepole, urudi usingizi ukija. Usitazame saa.

• Usingizi wa mchana uwe mfupi, dakika 20 hadi 30, na kabla ya saa 9.

• Mnaofanya kazi usiku: funikeni dirisha kwa kitambaa kizito, na familia iheshimu masaa hayo. Aliyetoka lindo asubuhi asitumwe sokoni saa 4.

• Usilale na jiko la makaa ndani, hata kukiwa na baridi kali. Moshi wake usioonekana huua mtu akiwa usingizini.

5. LINI UENDE HOSPITALI

Usingoje ikiwa unakatika pumzi usiku. Ikiwa unasinzia ukiendesha au ukishika mashine. Ikiwa umekosa usingizi kwa miezi. Ikiwa unapiga mateke na ngumi usingizini. Au ikiwa kukosa usingizi kumekuja na huzuni nzito na mawazo ya kujiua. Hili la mwisho ni la leo leo. Mwambie mtu, na usibaki peke yako.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Nenda na maelezo: unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, unakunywa nini, unameza dawa gani. Andika kwa wiki mbili kwenye daftari. Na umchukue yule anayelala karibu nawe, maana yeye ndiye aliyeona. Luka, aliyemfuata Paulo, alikuwa tabibu. Kwenda kwa daktari si kumwacha Yesu.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Je, unakosa kulala kwa sababu ya kazi, hofu, simu, au ugonjwa? Kuwa mkweli.
2. Tumewahi kumhukumu mtu katikati yetu kuwa mvivu au ana pepo, kumbe hakuwa analala? Tutamfuataje kwa upendo?
3. Ni nani kati yetu hutoka kazini usiku, na ushirika unaweza kumsaidiaje apate kupumzika?
4. Tukisikia mtu akitajwa kwa uchawi kwa sababu ya ndoto, tutasema nini?

MAOMBI

Baba, tunakushukuru kwa zawadi ya usingizi. Tusamehe pale tulipofanya kazi kana kwamba wewe umelala. Waponye ndugu zetu wanaokosa usingizi, na uwape madaktari hekima. Linda wazee wetu na ndimi zinazoshtaki bure. Linda madereva wetu na walinzi wetu wa usiku. Usiku wa leo tunaweka mikononi mwako watoto, karo, kodi na kesho yetu, tukilala kwa amani, kwa sababu wewe uko macho. Katika jina la Yesu. Amina.